Mwinjilisti Asiyekaa Kitako

Mwinjilisti wetu alikuwa hapendi viti. Ukimkaribisha ndani alisimama mlangoni, bega limeegemea mwimo, mguu mmoja ndani na mwingine nje, kama mtu aliyekuja kuulizia njia. Ukimsogezea kiti alikigonga kidogo mgongoni kwa kiganja, akasema, "Nilikaa jana," na mazungumzo yakaendelea yeye akiwa wima. Chai alikunywa amesimama. Ugali alikula amesimama, sahani mkononi, akizunguka ua wako, na kabla hajameza tonge la mwisho alikuwa ameshakwambia kwamba bomba lako linavuja na mbuzi wako amefungwa vibaya.

Sisi watu wa Manundu tulimcheka kwa hilo, na mimi nilikuwa wa kwanza. Nina kipaji cha kuiga watu, Mungu anisamehe, na nilikuwa namwiga yeye mbele ya wanawake wenzangu mpaka wanashika mbavu. Nilikuwa nikisema, huyu akifika mbinguni akaambiwa aketi, atauliza kwanza kama hakuna kuni za kupasua. Siku hizi simwigi. Mimi ni fundi cherehani, nilimshonea kanzu zake na sare za kwaya yake kwa miaka mingi, na mke wake alikuwa rafiki yangu. Nilijua alichokuwa akikitaka mke wake hapa duniani. Alitaka kupumzika tu, basi.

Pembeni ya kanisa letu la zamani palining'inizwa kipande cha reli kwenye tawi la mwarobaini. Ndiyo kengele yetu. Alfajiri mwadhini wa msikiti wa jirani akimaliza tu, Mwinjilisti anadakia na chuma chake, na hakipigi kidogo. Jirani zangu Waislamu walikuwa wakitania kwamba aliyeshindwa kuamshwa na wao ataamshwa na sisi, kwa hiyo mtaa mzima utaiona pepo. Alikuwa na maneno yake ya kuamshia watu. Akikukuta unapiga miayo atasema, "Shetani hana likizo." Akikukuta umejinyoosha atasema, "Kitanda ni cha wagonjwa na wafu. Wewe uko kundi gani?" Na hakuwa akitania. Alikuwa anasubiri umjibu.

Jumapili mchana ndiyo ilikuwa saa yake ya kutembelea washirika. Watu walipata kuamini kwamba anachagua saa ile makusudi. Ibada imekwisha, umekula wali wako, jua la Korogwe limekaa utosini, mbuzi wenyewe wamelala, na hapo ndipo unasikia, "Hodi! Bwana asifiwe!" Mara moja alinikuta nimejilaza kwenye mkeka barazani, khanga usoni. Sikuamka. Mimi napenda kulala mchana, nisikufiche, na Jumapili napenda zaidi.

"Fundi," akasema, "Yesu akirudi sasa hivi atakukuta hivyo?"

"Atanikuta nimetii amri, Mwinjilisti."

"Amri ni kuitakasa siku, si kuikoromea."

Nikacheka chini ya khanga, na yeye akacheka. Hilo lazima niliseme: alijua kucheka utani wa wengine. Hakuwa na sura ya kununa, hakupandisha sauti, hakumwonea mtu. Ungetaka umchukie ungepata tabu sana.

Maana mema yake hayahesabiki. Mgonjwa akizidiwa alimpakia kwenye baiskeli yake akamsukuma mpaka hospitali, hata kama ni mgonjwa wa dini nyingine, hata kama ni mlevi aliyemtukana juzi. Mjane akichelewa kupalilia alikuta siku moja shamba limepaliliwa na jembe limeoshwa limeegemezwa mlangoni. Msiba ukitokea kwa Waislamu yeye alikuwa wa kwanza kushika sururu kuchimba kaburi. Nguo zake mbili, viatu vyake jozi moja, na hakuwahi kumwomba mtu kitu kwa ajili yake mwenyewe. Sasa mtu wa namna hiyo akikwambia hufanyi vya kutosha, utamjibu nini? Kila alipokuita alikuwa ameshatangulia kufika.

Nilijaribu kumjibu mara moja, katika mafundisho ya Biblia ya Jumatano. Tulikuwa tumefika pale Bwana alipolala ndani ya chombo, dhoruba inapiga, wanafunzi wanalia, yeye kalala na kichwa kipo juu ya mto. Nikanyoosha mkono nikauliza, "Mwinjilisti, mbona hapa Bwana analala na kazi ipo?"

"Alilala kwa sababu alikuwa mwanadamu," akajibu.

"Na wewe ni nani?"

Darasa zima likaangua kicheko. Yeye naye akacheka, akatikisa kichwa, akafungua ukurasa mwingine. Swali langu likabaki hewani na limebaki hewani mpaka leo. Nimelifikiria sana nikiwa kwenye cherehani. Nadhani anayeshindwa kukaa haamini kwamba dunia ina mwenyewe. Anadhani akiiachia itadondoka. Mwinjilisti alihubiri kila Jumapili kwamba Mungu ndiye anayetutunza, lakini ukimtazama anavyoishi ungedhani Mungu ni msaidizi wake, tena msaidizi asiyeaminika.

Sasa nifike kwenye msaragambo. Huku kwetu msaragambo ni jambo la kawaida: barabara imeharibika, kisima kimejaa tope, shule haina choo, watu wanaitwa wanafanya pamoja, wakimaliza wanakula pamoja. Mababu zetu waliufanya milimani na sisi tumeteremka nao huku chini. Mwinjilisti alipoamua kwamba kanisa la zamani limetubana na lazima tujenge jipya, aliita msaragambo. Mwanzoni ulikuwa Jumamosi. Lakini Jumamosi watu wa Manundu wako sokoni, wengine wako mashambani, na wale vibarua wa Mazinde wanatoka kwenye mkonge wamechoka. Basi akautangaza kuwa Jumapili, mara tu baada ya ibada. Alisema kujenga nyumba ya Bwana ni ibada vilevile, kwa hiyo tutakuwa hatujavunja kitu. Mchungaji alikuja kwetu mara chache, ana mitaa mingine ya kuhudumia, na aliporidhika na ukuta unaopanda hakuuliza unapanda siku gani.

Kazi kubwa ilikuwa mchanga. Mchanga ulitoka mtoni, kule Korogwe ya Zamani, na kutoka kule mpaka kwetu si karibu. Tulikuwa na mikokoteni ya punda, na wenye punda walijitolea. Jumapili ya kwanza wakaja nayo. Mwinjilisti akaitazama mikokoteni ile, akafikiri, kisha akasema hapana.

"Amri inasema wewe, na mtumishi wako, na mnyama wako pia," akasema. "Mnyama hajui kwamba hii ni ibada. Kwake yeye ni kazi tu. Punda wapumzike."

Basi punda wakafunguliwa, wakaachwa wale majani chini ya mwarobaini, na sisi tukabeba mchanga kichwani. Wazee, wanakwaya, wajawazito, watoto wa kipaimara, wote na ndoo zetu, msururu mrefu tangu mtoni, tunaimba. Tuliwapita punda wamesimama kivulini wanatutazama. Na hakuna aliyesema kitu! Tulimheshimu mno. Mzee mmoja muuza kahawa pale stendi, Mwislamu, alituona tukipita na ndoo jasho linatiririka, akatuuliza kwa upole tu kama sisi dini yetu ina siku ya kupumzika. Mwanakwaya mmoja akamjibu, "Ipo, ndiyo hii." Mzee akaendelea kuosha vikombe vyake.

Katika msururu ule Mama Mwinjilisti alikuwa mbele. Asingeweza kuwa nyuma, maana watu wangesema. Alikuwa mwanamke mnene wa kimo kifupi, mpole, mwenye mwanya, na alikuwa na namna ya kushika mlango kabla ya kuingia, avute pumzi kwanza. Yeye ndiye aliyeamka kabla ya chuma kupigwa, kwa sababu mpiga chuma lazima anywe uji. Yeye ndiye aliyepikia wageni wote ambao mumewe alikutana nao njiani akawaambia njooni nyumbani. Alifua vitambaa vya madhabahu, alifundisha Shule ya Jumapili, alilala na wagonjwa hospitali, aliosha maiti za wanawake. Mumewe akisifiwa kwa kazi, nusu ya kazi hiyo ilikuwa miguuni kwa mkewe. Na miguu ikaanza kuvimba.

Nililiona mimi kwanza, kwa sababu alikuja nimpanulie gauni na akashindwa kuvua viatu. Nikampeleka hospitali mwenyewe. Daktari, kijana mdogo lakini aliongea kwa heshima, akamwambia presha imepanda siku nyingi na moyo umechoka. Akampa vidonge. Kisha akamwambia dawa kubwa ni kupumzika, asiinue ndoo, asisimame jikoni, alale mchana. Mama Mwinjilisti akamsikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo kwa aibu, akamuuliza, "Mwanangu, nilale mchana nikiwa nyumba ipi?"

Sisi wanawake wa umoja wa kanisa tukaamua kumwondoa. Tulijua kwa mumewe hawezi kupumzika hata kama ataruhusiwa, kwa sababu mtu hawezi kulala pembeni ya mtu anayepasua kuni. Alikuwa na mdogo wake ameolewa Sindeni, kwenye njia ya kwenda Handeni. Tukamwambia Mwinjilisti kwamba daktari ameagiza. Hakukataa. Alisema Bwana amtangulie, akambebea begi mpaka stendi, akamtafutia kiti cha dirishani, akasimama pale mpaka basi likaondoka. Nataka uyajue na haya, ili usidhani nasimulia habari za mkatili.

Haikupita wiki nikapata safari ya Handeni kununua vitambaa, na wakati wa kurudi nikateremka Sindeni kumjulia hali. Sindeni ni kukavu, miti ina miiba, jua halina huruma. Wazigua wanaoishi kule wameshalielewa jua lao: ikifika saa saba hakuna mtu anayeshindana nalo. Mwinjilisti aliwahi kwenda kule kuhubiri, akafikia kwa shemeji yake, na ilipofika saa saba akataka kuzunguka vijijini. Jirani wa pale, mzee wa Kizigua, Mwislamu, alikuwa ametoka kuswali adhuhuri na ametandika mkeka kivulini. Akamwambia, "Mgosi," yaani bwana kwa lugha za huku, "lala. Jua la saa saba halina dini, linampiga kila mtu." Mwinjilisti akamshukuru akaenda. Alirudi jioni midomo imepasuka. Hakukuta mtu wa kumhubiria, wote walikuwa wamelala. Kisa hicho alikuwa akikisimulia mwenyewe, kama mfano wa uvivu wa watu wa Handeni.

Mimi niliposhuka kwenye basi nilisikia kicheko kabla sijaiona nyumba. Kicheko kikubwa cha mwanamke, kinaanza chini, kinapanda, kinakatika kwa kukosa pumzi, halafu kinaanza tena. Nikasema moyoni, hapa kuna mtu mwenye raha zake. Nikazunguka nyumba nikakuta ni Mama Mwinjilisti. Amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha mbele yake, kipande cha muwa mkononi, anacheza bao na yule mzee wa Kizigua, na mzee anamwibia kete waziwazi. Wajukuu wa mzee wanashangilia upande wa mama. Miaka yote ile ya urafiki wetu sikuwa nimewahi kumwona mwanya wake wote.

Akanikalisha karibu naye. Akanionyesha miguu: uvimbe ulikuwa umepungua, mifupa ya kifundo ilianza kuonekana. "Fundi," akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema siri ya aibu, "jana nililala mchana. Nimeamka, nimekuta kila kitu kipo. Kuku wapo, watu wapo, jua lipo. Hakuna kilichoharibika." Akatazama kete zake. "Nimekaa hapa nikasema asante Mungu, na sikuomba kitu. Mimi sijawahi kusali bila kuomba kitu. Sikujua inawezekana."

Ndivyo alivyosema. Nimesikia mahubiri mengi katika maisha yangu, na hakuna lililonikaa kama hilo la mwanamke mwenye muwa mkononi. Nilipoinuka kuondoka akanisindikiza hatua chache, akanishika mkono. "Akikuuliza nafanya nini, usimwambie bao. Mwambie nasali."

"Si ndiyo unachofanya?" nikamwambia. Akacheka tena kile kicheko.

Niliporudi, Mwinjilisti alikuja dukani kwangu, akasimama mlangoni. "Anafanya nini huko?" Nikamwambia anasali. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Kisha akaniambia kanisa litawekwa wakfu Jumapili inayokuja, Askofu amethibitisha kuja, na kwamba kesho atakwenda Sindeni kumchukua mama.

Nikaacha cherehani. "Kumchukua afanye nini? Wapishi tupo."

"Najua mpo. Lakini mke wa Mwinjilisti akalale Sindeni, Askofu yuko mezani?"

"Daktari amesema apumzike."

"Daktari amesema apumzike, fundi. Hakusema amwache Bwana."

"Aje basi, akae tu. Akae kanisani kama mgeni."

"Nani atakayemkalisha?" akaniuliza, na aliniuliza kwa upole kabisa. "Mimi nimkalishe? Yule mama hajui kukaa. Ni mtu wa kazi, kama mimi." Na alipolisema hilo uso wake ulijaa fahari na mapenzi. Alikuwa anampenda. Alikuwa anampenda mtu ambaye hakuwahi kukutana naye.

Akaenda kumchukua. Mama akarudi bila kubisha, na siku ya pili miguu ikajaa tena.

Siku ile ya kuwekwa wakfu kanisa ilikuwa na kila kitu: matarumbeta, kwaya mpaka za Mazinde, maturubai, wageni wa serikali. Nyuma ya kanisa tulikuwa na mafiga na masufuria makubwa ya pilau, na Mama Mwinjilisti yuko katikati yetu na mwiko, na kila tulipomnyang'anya mwiko alipata kisu, tukimnyang'anya kisu anapata kuni. Ibada ilipokuwa karibu kwisha, pilau limeshaiva, akafunika sufuria la mwisho, akatandika khanga yake juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakaa. Akaegemea ukuta wa kanisa jipya. Akafumba macho.

Tukatazamana. Nakuambia, tulifurahi. Mmoja wetu alitaka kumuuliza chumvi iko wapi, wengine tukamnyamazisha: mwacheni, mwacheni mama apumzike kidogo. Tukawa tunapita mbele yake kwa kunyata. Tulipakua, tukapeleka meza kuu, tukapeleka kwa kwaya, tukarudi, naye amekaa vilevile, uso umetulia. Mimi mwenyewe nilimfunika miguu na kitenge nzi wasimsumbue. Ni binti yake, Upendo, aliyemletea sahani ya chakula akamgusa bega. Hapo ndipo tulipojua kwamba tulikuwa tukimnyatia maiti.

Kwenye maziko Mwinjilisti hakulia. Alisimama kaburini, bila shaka alisimama, akasema, "Mke wangu amekufa na mwiko mkononi, nyuma ya nyumba ya Bwana. Askari hufia vitani. Nani kati yenu ataokota mwiko huu?" Na watu wakaitikia Amina, Amina kubwa, wanawake wakajitokeza mbele kwa machozi wakainua mikono. Hakufa na mwiko mkononi. Alikuwa ameuweka chini. Hilo ndilo lilikuwa jambo pekee alilolifanya kwa ajili yake mwenyewe, na mumewe akalifuta mbele ya watu wote, mimi nikiwa nimesimama pale nimefunga mdomo. Sikuitikia Amina. Msalabani akaandikisha kwa rangi nyeupe kwamba hapa amepumzika. Niliposoma nilihisi hasira ikinipanda mpaka masikioni, nikaondoka bila kumwaga udongo.

Alfajiri iliyofuata maziko chuma kilipigwa kama kawaida.

Miaka ikaenda. Alistaafu, lakini hakuacha kufika kanisani kufagia. Kisha nikasikia kwamba ameanguka, kiharusi kimemshika upande wa kulia, na Upendo amemchukua kwake kule Korogwe ya Zamani. Nilichelewa kwenda kumtazama. Nilikuwa na maneno yangu niliyoyatunza muda mrefu, na nilitaka niyaseme vizuri, lakini maneno ya kumwambia mtu mzima yakikaa sana tumboni yanachacha. Mwaka huu, Jumapili moja baada ya kula, nikaacha usingizi wangu nikaenda.

Nilimkuta barazani, kwenye kiti. Amefungwa kwa khanga kiunoni asilalie upande mmoja. Mapajani ana ungo wa maharage, na mkono wa kushoto ulikuwa ukichambua: jiwe huku, ganda huku, haragwe huku, taratibu, bila kukoma. Alinitambua.

"Shikamoo, Mwinjilisti."

"Marahaba, fundi." Ulimi ulikuwa mzito, lakini ukimsikiliza unamwelewa. "Kaa."

Hakuwahi kuniambia neno hilo tangu nimjue. Nikakaa. Alipomaliza ungo wake alimwita Upendo, na Upendo akauchukua akaenda nao nyuma ya nyumba. Nikamfuata kumsalimia vizuri. Nikamkuta anamimina maharage yale safi kwenye sinia, halafu anachukua kopo la mawe na maganda yaleyale, anayamwagia, anayachanganya kwa mkono.

Akaniona. Hakushtuka. "Nifanyeje, mama?" akasema. "Hakuna maharage ya kumtosha. Nimejaribu redio, nimemwekea nyimbo, nimemletea wazee wenzake wakae naye. Mkono ukikosa kitu analia, analia kama mtoto mdogo. Basi namchanganyia. Tangu asubuhi ni hayahaya." Akayarudisha kwenye ungo, akautikisa mara moja. "Siku nyingine namfanyia kwa huruma. Siku nyingine nikimkumbuka mama, namwaga tu mawe."

Nikarudi barazani. Mikono yake ilikuwa mitupu na kidevu kilianza kutetemeka. Akanitazama.

"Fundi. Ile wiki ya Sindeni. Ulisema anasali."

"Nilisema hivyo."

"Alikuwa anasali?"

Hayo sikuyategemea. Nilikuja na yangu, na yeye alikuwa na yake. "Alikuwa anacheza bao," nikamwambia. "Na yule mzee jirani, yule aliyekwambia ulale. Alikuwa anakula muwa. Alikuwa analala mchana. Na alikuwa anacheka, Mwinjilisti. Nilimsikia toka barabarani."

"Anacheka."

"Kwa sauti."

Macho yake yalikwenda juu, kwenye mabati, yakatafuta huko, yakarudi. Mdomo ulijaribu mara mbili kabla neno halijatoka. "Kicheko chake," akasema. "Kilikuwaje?"

Ningeweza kukiiga. Ninacho mpaka leo, kinaanza chini, kinapanda, kinakatika. Ningefungua kinywa tu angemsikia mke wake pale barazani. Nikamtazama mzee yule aliyefungwa kwa khanga, nikamkumbuka mwingine aliyeegemea ukuta na miguu imevimba, na roho yangu ikakataa.

"Ungekaa kidogo ungekisikia," nikamwambia.

Upendo akatoka na ungo akauweka mapajani pake. Mkono ukaanza tena. Mimi sikuondoka. Nilikaa pale alasiri nzima, mgongo kwenye kiti, mikono yangu mapajani, sifanyi kitu. Baadaye akanitazama mikono, akausukuma ungo kwangu kwa kiwiko, nimsaidie. Nikausukuma ukarudi kwake.

"Leo Jumapili, Mwinjilisti," nikasema.

Akainamisha kichwa, akaendelea kutoa mawe yaleyale aliyoyatoa asubuhi.